Kijana kwa Siku Saba

Mtu wa mji wetu wa Kamina, aliyezoea kungoja treni, ana haki ya kutilia shaka chochote kinachoahidi kufika kwa siku saba. Lakini ndivyo Lancôme ilivyonadi kipodozi chake Génifique huko Marekani: ngozi changa kwa siku 7, eti jeni zimeamshwa. Mwaka 2014 tume ya serikali inayochunguza matangazo ya biashara ilisema ahadi hizo ni za udanganyifu, na L'Oréal, mmiliki wa Lancôme, ikakubali kuziacha. Jeni zikaendelea kulala.

Utaniambia, mbona mama fulani amejipaka asubuhi na makunyanzi yamepungua? Yamepungua kweli. Ngozi iliyoloa hutuna kidogo, mistari midogo ikajificha mpaka ngozi ikauke tena. Glisirini ya bei ndogo hufanya kazi hiyohiyo, ila haina picha ya mzungu anayetabasamu. Ipo dawa inayopunguza makunyanzi kwa ushahidi, tretinoini, lakini hiyo hudai miezi ya uvumilivu, huchubua uso kwanza, na mjamzito haruhusiwi kuigusa. Nani atalibandika hilo kwenye tangazo?

Mkosaji mkubwa yuko juu ya vichwa vyetu. Utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuata watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu: waliopaka kila siku krimu ya kukinga jua ngozi yao ilizeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko ya wenzao. Wengi wao walikuwa weupe. Sisi tuna melanini nyingi, mwavuli tuliozaliwa nao, ndiyo maana nkambo, yaani mabibi na mababu, wengi hapa wana nyuso zinazowatia wivu Wazungu wa umri wa watoto wao. Na hapa ndipo biashara inaponichekesha, kwa uchungu kidogo: meza inayouza krimu ya kurudisha ujana huuza pia ya kung'arisha, na nyingi za kung'arisha zina haidrokwinoni, inayozuia melanini isitengenezwe. Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku katika krimu za kung'arisha mwaka 2001. Kwa hiyo mteja ananunua kopo la kumvua mwavuli, chini ya jua la mji ulio nyuzi 9 hivi kutoka Ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, halafu ananunua la pili kufuta makunyanzi yatakayoletwa na la kwanza. Muuzaji wa namna hiyo hahitaji hata kudanganya.

Kofia pana ingemsaidia zaidi na kwa franka chache. Muuzaji atajibu kwamba kofia hainukii. Hapo amenishinda.