Kosa Lenye Bei

Ulimwengu una upendeleo wa waziwazi katika mambo ya makosa. Fundi cherehani akikuwekea mkono wa kushoto upande wa kulia, kitambaa atakilipa na jina baya litamfuata mtaa mzima. Lakini kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu kikiboronga, watu wazima wenye akili zao hutoa pesa nyingi kununua pesa kidogo. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura za sarafu zake. Kwenye ile ya peni 20, mwaka, ambao zamani ulikaa upande wa waridi, ulihamishiwa upande wa kichwa cha Malkia, ili upande wa pili uchorwe kipande cha ngao. Kumbe mashineni ulifungwa muhuri wa zamani wa kichwa pamoja na muhuri mpya wa ngao, kila mmoja ukimtegemea mwenzake kuwa ndiye mwenye tarehe. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka upande wowote, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika sarafu za matumizi za Uingereza kwa zaidi ya miaka 300. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ikakadiria kwamba hazifiki 250,000 na kusisitiza kuwa ni halali. Mwaka 2009 kampuni moja ikajitolea kununua kila moja kwa pauni 50, yaani mara 250 ya thamani yake.

Wapo watakaosema huu ni wazimu unaolipia uzembe. Nasema hapana: kinacholipiwa ni uchache wa kosa, na uchache huo ni sifa ya kiwanda. Ushahidi uko Australia. Noti mpya ya dola 50 iliyotoka mwaka 2018 ilikuwa na maandishi madogo mno, na ndani yake neno lenye maana ya wajibu lilipungukiwa herufi moja. Miezi ikapita kabla ya mtu mwenye lenzi na subira kuliona. Kosa hilo lina kichekesho kuliko lile la peni 20, lakini lilichapwa kwenye noti milioni 46, basi dola 50 ikabaki kuwa dola 50. Chile nayo ilipiga sarafu za peso 50 zilizoandikwa CHIIE badala ya CHILE. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Hawakusema lolote kuhusu kazi, maana mkurugenzi wa kiwanda alifukuzwa huku sarafu zake zikiendelea kununua mkate.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba mapenzi haya ya sarafu zenye makosa yanawalisha matapeli. Ni kweli, sarafu iliyobanwa kwa jiliwa au kupigwa nyundo huuzwa kama muujiza. Wengine wala si matapeli, ni watu wenye haraka tu: wanaona kichwa cha Malkia bila mwaka, wanamsimamisha mwenye duka na foleni nzima, kisha wanaigeuza sarafu na kukuta waridi na mwaka wake umetulia palepale ulipozaliwa. Dawa ni swali moja: mashine ingewezaje kufanya hivi? Kosa la kweli lina maelezo, kama mihuri miwili ya vizazi viwili iliyokutanishwa. Mkwaruzo una maelezo pia, ila kwa kawaida ni msumari.

Na kama kosa lina faida hivyo, mbona viwanda havikosei kwa makusudi? Kwa sababu siku vitakapoanza, soko litakufa. Mkusanyaji hulipa kwa kuwa anaamini kiwanda kilijitahidi kwa moyo wote kumzuia asiipate sarafu ile. Kosa la kupangwa ni bidhaa kama bidhaa nyingine, nayo ikizidi sokoni hushuka bei. Kwa hiyo anayetaka makosa yake yathaminiwe hana njia ya mkato: kwanza afanye kazi vizuri kwa miaka 300.