Namna ya Kufilisika kwa Choo Kisichosukuma

Umejenga Kisiwani, chini ya Milima ya Upare, Hifadhi ya Mkomazi ikionekana kwa mbele. Umerudi Desemba kula sikukuu, na kile choo cha kukaa ulichokisafirisha kwa mbwembwe kutoka Dar es Salaam kimegoma. Ukiflashi, kilichomo kinazunguka mara mbili na kubaki pale pale, huku wakwe wako sebuleni. Fuata mwongozo huu, na Januari itakukuta huna hata nauli.

Anza kwa kulaumu presha. Mwite fundi, mwoneshe simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3, mwambie alipandishe hadi mita 6. Asikueleze kwamba mita hizo za nyongeza zinaleta presha ya baa 0.3 tu, wala kwamba presha yenyewe inaishia kwenye koki ya boya. Kazi yake ni kujaza lile tangi dogo mgongoni mwa choo, basi. Kinachosukuma ni lita 6 au 9 zilizokwisha tulia humo, zikishuka zote kwa mkupuo. Pandisha simtanki hadi kilele cha Shengena, mita 2,462. Koki itapasuka kabla flashi haijapata nguvu.

Usiwasikilize wazee wa mlimani. Hao wana ndiva zao, mabwawa madogo ya kukusanyia maji usiku na kuyafungulia mashamba asubuhi. Wanajua kijito chembamba kikiachiwa hivi hivi mferejini kinanyweka na udongo njiani, ila kikikusanywa kinafika shambani. Watakwambia tangi la choo ni ndiva, na ndiva ya nusu haimwagilii kitu. Maneno ya bure hayo, hayana risiti.

Muhimu kuliko yote: usifunue mfuniko wa tangi. Utakuta maji yameishia katikati kwa sababu boya limeteremka, wakati yanatakiwa yasimame kama sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Utakuta chupa ya mchanga uliyoitumbukiza mwenyewe ili kubana matumizi. Utakuta mpira wa chini umekakamaa, maana nyumba imefungwa tangu sikukuu iliyopita, na mnyororo wake umelegea hivi kwamba mpira unainuka kidogo na kujifunga tena. Ukipitisha kioo chini ya ukingo wa bakuli ndiyo utachoka kabisa: matundu yamezibwa na chokaa ya maji, kazi ya siki ya usiku mmoja na kipande cha waya.

Wala usimimine maji ya ndoo ya lita 10 bakulini kwa mkupuo. Yakishuka yote, bakuli na bomba ni vizima, ugonjwa uko tangini. Yakipanda, pameziba au shimo limejaa, na hapo mnara ndiyo hausaidii kabisa.

Watani husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Jenga mnara, uwape ushahidi.

Ukishindwa kutii mwongozo huu, mpira unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Same mjini. Nenda na ule wa zamani mkononi, kwa sababu saizi hazifanani.