Klachi Imeisha, Boss

Nunua pikipiki mpya Thika, ukae nayo wiki chache, kisha useme kwa sauti pale stejini kwamba gia zinaingia kwa shida. Utapata jibu kabla hujazima injini. "Klachi imeisha, boss." Anayekujibu amejinyoosha juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, anatafuna mahindi ya kuchoma, na hana haja ya kuitazama yako. Tangu 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo na kila kona ikapata steji yake, daktari wa klachi hakosekani popote. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekaribia kumwamini.

Utaratibu unaofuatwa kuanzia Makongeni hadi Kamakis unasema hivi: kwanza kabisa, usiuguse mkono wa klachi. Ukiugusa utaharibu mambo. Huenda ukagundua kwamba unacheza mno kabla ya kuanza kuvuta kebo, au hauchezi hata kidogo, na hapo mazungumzo yataisha watu wakiwa bado wana hamu nayo. Kwa siri tu: kwenye Boxer, TVS na pikipiki nyingine nyingi za kazi, mkono unatakiwa kucheza kidogo kabla ya kebo kukaza, kama sentimita 1 hadi 2 ukipima kwenye ncha. Kitabu kilichokuja na pikipiki kinataja kipimo chenyewe. Ni kile ulichokiacha kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti.

Kebo mpya hulegea kidogo siku za mwanzo za kazi. Ikishalegea, hata ukibana klachi hadi mwisho pleti haziachani sawasawa. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, taa ya nyutro inagoma kuwaka ukisimama, na pikipiki inataka kutambaa ilhali umeishika. Ni ugonjwa wa kutisha, na dawa yake ni kulegeza nati moja, kuzungusha skrubu ya kurekebisha, na kukaza nati tena. Mtu aliyekwisha kuvaa ovaroli atakuambiaje jambo dogo hivyo?

Basi hatakuambia. Atakachofanya mshauri wako, kwa moyo safi kabisa, ni kukukazia kebo mpaka mkono usicheze hata kidogo, kwa sababu yeye anapenda klachi "ya karibu". Utaipenda pia. Gia zitaingia laini, utamnunulia soda. Ila sasa pleti hazibanwi kikamilifu. Kutwa nzima zinasuguana zikiwa zimeachiwa nusu, na ukipanda mlima injini inapiga kelele huku pikipiki haiendi. Baada ya muda zitaungua kweli, na yule yule atakuambia, "Si nilikuambia klachi imeisha?" Ni utabiri usiokosea, maana mtabiri ana spana.

Ukifika kwa fundi wa kando ya barabara, mwombe akufanyie ule mtihani maarufu. Anaisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma hewani. Anawasha, anabana klachi, anatia gia ya kwanza. Gurudumu linazunguka. Anakutazama kwa huruma. "Umeona mwenyewe?" Umeona, ndiyo. Usichoambiwa ni kwamba klachi ya pikipiki hizi hukaa ndani ya oili, na oili hiyo, hasa ikiwa bado baridi na nzito, huburuta pleti hata zikiwa zimeachana. Gurudumu lisilobeba kitu litazunguka kwenye pikipiki iliyotoka dukani leo asubuhi. Weka soli ya kiatu taratibu kwenye tairi, mbali na mnyororo: likisimama bila kukuzimia injini, huo mtihani haukuthibitisha kitu. Lakini usifanye hivyo mbele ya wateja wengine. Ni utovu wa adabu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya oili, kile kishindo cha gia ya kwanza alfajiri ya Julai, baridi ya Kiambu ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa, si ugonjwa. Iache injini ipate joto kwanza. Na ule mrusho unaousikia ukifungua na kufunga resi mara nyingi ni mnyororo uliolegea.

Oili yenyewe ndiyo siri kubwa, na hapa nitaacha mzaha kidogo. Pikipiki mpya inapofika huduma ya kwanza, baada ya kilomita mia kadhaa, oili ya kiwandani inamwagwa na nyingine inatiwa, kama lita 1 hivi. Kishawishi ni kutia ile ya gari la shemeji iliyobaki kwenye kibuyu. Ni oili nzuri, pengine ghali kuliko yako. Tatizo ni kwamba baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, nayo klachi iliyozama kwenye oili inaishi kwa msuguano. Pleti zinaanza kuteleza zikiwa nzima kabisa. Geuza chupa usome nyuma: tafuta herufi JASO MA, alama ya Kijapani ya oili inayofaa klachi ya aina hii. Ikiandikwa MB, hiyo ni ya skuta. Klachi nyingi zinazodaiwa "kuisha" hupona kwa kumwaga oili mbaya na kutia nzuri, mradi ziwe hazijaungua. Hakuna fundi atakayelipwa kwa hilo zaidi ya bei ya oili, na kwa hiyo si matibabu yanayopendekezwa mara kwa mara.

Sasa tuutazame mkono wako wa kushoto. Unaendeshaje? Vidole viwili vimelala juu ya klachi tangu Ruiru mjini hadi Juja, ili uwe tayari. Kwenye mwinuko, badala ya breki, unaishikilia pikipiki kwa nusu klachi na resi kidogo, mama mmoja nyuma na watoto wawili, gunia la viazi limekaa kwenye tangi. Endelea hivyo. Klachi ya namna hiyo haihitaji uchunguzi, inahitaji maombi.

Ukitaka kujua kweli kama inateleza, usiulize mtu. Rekebisha mkono kwanza, hakikisha oili, kisha tafuta sehemu tambarare isiyo na magari kwenye barabara ya pembeni ya ile kuu ya Thika iliyofunguliwa 2012. Ingia gia ya juu kwa mwendo wa wastani, fungua resi kwa nguvu. Sauti ikipanda pamoja na mwendo, rudi nyumbani ukalale. Sauti ikipaa mwendo ukabaki pale pale, na ukasikia harufu ya kuungua, hapo una kesi. Asiyeridhika ashuke Blue Post hadi mto Chania, kisha apande akiwa na abiria. Abiria akiwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Juja ni bora zaidi: atakueleza nadharia yote mpaka kileleni, na uzito wake ndio kipimo.

Usikubali kifuniko cha kulia cha injini kifunguliwe kando ya barabara pikipiki ikiwa bado na waranti. Thika ni mji ulioanza kuunganisha malori miaka ya 1970, mafundi wa kweli wamejaa, na sisemi vinginevyo. Ila yule aliye karibu zaidi na steji ana mbinu zake. Anaweka wosha ndogo chini ya springi za klachi ili zibane zaidi. Kwa wiki moja utamsifu, halafu utashangaa kwa nini vidole vinauma na kebo imekatika. Au anazipiga pleti msasa na kuzirudisha. Ukirudi dukani, wataona gasketi mpya na alama za spana, na waranti itaishia hapo hapo. Mkopo ulionunulia pikipiki hautaishia hapo. Malipo ya kila siku yanaendelea pikipiki ikiwa vipande vipande juu ya gunia, na mkopeshaji hajawahi kuombwa afungue injini ili aelewe.

Basi ipeleke dukani ikiwa imefungwa. Wakisema pleti zimeungua, nao huwa hawalipii pleti zilizoungua, omba uzione: za chuma hubadilika rangi kuwa bluu kwa joto, zile nyingine hunuka na kuwa laini kama kioo. Simama pale zinapotolewa. Ukienda kunywa chai, utarudi ukute zimeshawekwa mezani, bluu kabisa, zimeungua vibaya sana, zile zile alizoonyeshwa mteja wa jana.