Namna ya Kuogopa kwa Mpangilio

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeacha simu ikichaji saluni, akavuka barabara kununua soda, akakutana na shemeji, maneno yakanoga, na aliporudi akaikuta pale pale ilipokuwa: haijaibwa, ila skrini inawaka na haijafungwa. Simu ipo. Roho ndiyo haipo.

Kuogopa ni haki yako, ila kuogopa nako kuna utaratibu. Wengi wetu huogopa ovyo. Tunakimbilia kwenye picha kwanza, kana kwamba aliyeishika simu alikuwa na hamu ya kuona harusi ya binamu yetu. Tunaanza kumkagua msusi kwa jicho la hakimu, kisha mteja aliyevaa kofia, kisha mtoto wa mteja. Mwache msusi amalizie kichwa cha watu. Muda unaoutumia kutafuta mshukiwa ndio muda ambao mlango aliouacha wazi unaendelea kuwa wazi.

Anza na mama. Ukishika simu ya mtu ikiwa wazi, ulichoshika ni jina lake. Tanzania nzima tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na tunaucheka kwa sababu unatoka kwenye namba tusiyoijua. Ukitoka kwenye namba yako mwenyewe, mama hacheki. Anajifunga khanga na kwenda kwa wakala. Usijidanganye kwa kufungua mazungumzo yenu na kuyakuta safi: WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe upande wako tu huku aliyetumiwa akiendelea kuuona, na meseji ya kawaida ukiifuta kwako haifutiki kwa mwenzako. Kwa hiyo usitafute ushahidi kwenye simu yako, utafute kwenye simu za wengine. Piga, tumia sauti. "Shikamoo mama, kuna ujumbe wowote nimekutumia leo wa kuomba hela?" Kisha mpigie shangazi, mhazini wa kikoba na yule rafiki asiyejua kukukatalia. Ukiambiwa hakuna kitu, umemjulia hali mzazi, nalo si jambo dogo.

Hofu ya pili ipeleke kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia bila kujua. Mtu akiwa na simu yako iliyo wazi na kompyuta yake pembeni, huhitaji kumpa nywila. Anaskani alama ya mraba inayotokea kwenye kompyuta, basi, mazungumzo yako yanahamia kwake na yanaendelea kumfikia ukiwa kazini, ukiwa umelala, hata ukiwa umezima simu. Akaunti moja inakubali vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Simu yenye kufuli kwa kawaida itaomba alama ya kidole au namba ya siri kabla ya kuunganisha. Isiyo na kufuli kabisa haina cha kuomba. Fungua orodha hiyo, na kifaa chochote usichokitambua kiondoe, hata kama unadhani labda ni kile cha ofisini. Cha ofisini utakiunganisha tena kesho. Ukimaliza, weka uthibitishaji wa hatua mbili: namba sita unazozijua wewe, zitakazoombwa siku mtu atakapojaribu kuisajili namba yako kwenye simu nyingine.

Kutoka hapo piga *#21#. Watu wachache sana huifanya kazi hii, na inachukua chini ya dakika moja. Mtandao utakujibu kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuwasha uelekezaji huo akiwa na simu yako mkononi, na kuanzia hapo simu zako zinaita kwake. Madhara yake hayaishii kwenye kukosa simu za mchumba. Huduma nyingi, WhatsApp ikiwemo, zinaweza kukusomea namba ya uthibitisho kwa kukupigia. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta uelekezaji wote, kisha piga tena *#21# uhakikishe.

Barua pepe nayo usiisahau eti kwa sababu huisomi. Anayeimiliki barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za karibu kila kitu ulichojiandikisha. Ingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, uangalie vifaa vilivyoingia, na uangalie namba na barua pepe za kurejeshea akaunti. Zikiwa za mtu mwingine, zirekebishe kabla ya kubadili nywila.

Hofu ambayo unaweza kuiweka chini, angalau kwa leo, ni ile ya kwamba hela zote zimekwenda. Hela ya M-Pesa haikai ndani ya simu, na haitoki bila namba ya siri. Kinachonitia wasiwasi ni namna tunavyoitunza namba hiyo. Mtu akisoma meseji zako tu anajua salio lako, maana kila muamala unaandika salio jipya. Anajua pia unamtumia nani, lini na kiasi gani. Kisha anafungua picha na kukutana na kitambulisho chako cha taifa, kile ulichokipiga picha ili usikibebe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Kama namba yako ya siri ni mwaka uliozaliwa, hukuificha. Umeibandika kwenye picha pamoja na sura yako. Ibadilishe leo, na picha ya kitambulisho iondoe kwenye simu.

Sasa nani alishika simu? Mara nyingi si mgeni. Ni mpenzi, ni mfanyakazi mwenzako, ni mdogo wako mwenye udadisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila haki, na simu yako imo kwenye maana ya sheria hiyo. Hata hivyo sikushauri uanze na polisi kwa sababu ya mchumba aliyesoma meseji tatu. Ninachokushauri ni kukagua orodha ya programu zote, hasa zile zilizopewa ruhusa kubwa za kusoma skrini na kujua ulipo, kwa sababu mtu wa karibu mwenye wivu haibi simu: anaacha ndani yake kitu cha kumpa taarifa. Ukikikuta, na mtu huyo amewahi kukutisha au kukupiga, usikifute papo hapo ukiwa peke yako naye. Ongea kwanza na mtu unayemwamini, kwa simu nyingine.

Kuna mlango mmoja ambao hata waangalifu huuacha wazi. Wanafunga skrini kwa kidole, kwa uso, kwa mchoro unaofanana na ramani ya Kariakoo, halafu laini yenyewe haina namba ya siri. Mwizi anaichomoa, anaichomeka kwenye kitochi, na namba zote za uthibitisho zinaanza kumiminika kwake. Laini inaweza kufungwa kwenye mipangilio ya simu. Usibahatishe namba ya mwanzo, ipate kwa huduma kwa wateja kwa kupiga 100, maana ukikosea mara 3 utaombwa PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini inakufa. Ondoa pia maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa. Kufuli halina kazi ikiwa namba ya benki inasomeka juu yake.

Fundi simu nami namheshimu, lakini kumwandikia mchoro wako kwenye karatasi na kuigandisha kwa gundi nyuma ya simu, kisha kwenda Mbagala kusubiri, huko ndiko kuacha simu wazi kwa hiari. Kama anabadilisha kioo, subiri hapo, umfungulie mwenyewe anapotaka kujaribu. Kama ni lazima ibaki, toa laini, na ikiwezekana hifadhi vitu vyako mahali pengine na uisafishe kabisa kabla ya kuikabidhi.

Na kama umerudi saluni ukaikuta chaja tu, piga 100 kwa simu ya mtu laini ifungwe, toa taarifa polisi, kisha nenda na namba yako ya NIDA na kidole chako ukairudishe laini. Salio lako litakuwa linakusubiri.

Usingoje siku hiyo. Leo jioni piga *#06#, andika kwenye daftari zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu zitakazotokea, weka simu ijifunge yenyewe baada ya sekunde 30, ifunge na laini. Halafu kubaliana na wazazi wako jambo moja: ombi lolote la hela lililokuja kwa maandishi, hata kama limetoka kwenye namba yako, wasilitekeleze mpaka wamesikia sauti yako.