Namna ya Kupwelewa kwa Heshima

Ndugu yangu, umeuza pikipiki, umenunua mashua ndogo, na sasa unataka kuhamia humo. Vizuri sana. Wengine watakwambia uanze kwa kujifunza kupambana na bahari. Mimi nitakufundisha kuiibia, kuanzia Tanga mjini hadi ndani ya Mto Pangani.

1. Tangaza safari baada ya kuujua upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inakusukuma kusini, kwa hiyo waambie watu unakwenda Pangani. Kuanzia Aprili kusi ikishika, unakwenda Moa, upande wa kaskazini, na ulikuwa na hamu ya Moa miaka yote. Hakuna atakayekuuliza mbona hubishi. Kubisha, kushinda unageuza tanga huku na huku dhidi ya upepo wa omo, waachie wenye mzigo wa watu.

2. Mtoni ingia na maji yakijaa. Mlangoni pa Pangani kuna fungu la mchanga, na maji yanayotoka yakikutana na kusi, mawimbi husimama wima. Subiri nje, tafuna muhogo wako. Maji yakianza kujaa, mto wenyewe unarudi nyuma na kukubeba kati ya minazi na mikoko bila kafi wala pondo. Acha kipande cha tanga juu. Abiria wa kivuko cha Bweni waone nahodha. Kazi anaifanya mwezi.

3. Beba maji ya kunywa, madumu mawili ya lita 20 yasipungue. Mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru, na njiani mashamba yanaunywa kweli kweli. Wakati wa kiangazi maji yanayofika huku ni machache, na chumvi ya bahari huupanda mto hadi ndani. Sufuria zioshee mashuani. Pangani ina mamba, nao hawajali una cheo gani. Jiko la mkaa liweke ndani ya debe lenye mchanga, na chandarua kifunge kabla ya magharibi.

4. Sasa sogea karibu, maana utapwelewa. Pwani ya Tanga maji ya bamvua hushuka zaidi ya mita 3: ulitia nanga unaelea, ukaamka umelalia ubavu, jirani zako kaa. Usipige kelele. Usisukume, mashua haisogei kwa aibu. Shuka taratibu kama mtu aliyefika alikokuwa akienda, egemeza chombo kwa gadi mbili, toa kisu butu uanze kukwangua chini. Baada ya dakika kumi kila apitaye atajua umekuja kukausha chombo. Na kweli umekikausha! Mafundi wenyewe hungoja maji yapwe ndipo wakalafati. Shindilia pamba kwenye nyufa, paka sifa, yale mafuta ya papa, piga mluzi. Nakuapia, nyufa nyingi za pwani hii zimezibwa na watu waliokwama, na vyombo vyao vinaelea hadi leo.

Kosa moja tu halifichiki: kupwelewa kwenye kilele cha bamvua. Maji ya siku zinazofuata hayatafika hapo, na utakaa hadi bamvua jingine, wiki 2 hivi, watoto wakikusalimia kila asubuhi wakienda shule. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa hiyo uwe kwenye kina.

5. Ukiishiwa ujanja, tafuta dago, kambi ya wavuvi. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, huvuka hadi pwani za mbali wakapiga kambi na kuishi na vyombo vyao. Ujanja wangu wote ni makombo ya kwao. Usiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai, ndimu chache. Mkubwa wao mpe shikamoo hata kama mashua yako ina rangi mpya na yake imebaki mbao tupu. Usimweleze ulikotoka. Muulize maji ya hapo yanakwendaje, halafu nyamaza, kwa sababu mtu akiulizwa anachokijua huwa hana choyo.

Atatazama maji kwanza. Kisha atakunyooshea kidole mahali palipo sawa na kwingine kote, ambapo bahari ikipwa panabaki kina cha kutosha mashua moja. Tia nanga hapo, ulale.