Namna ya Kuchoka na Watu Mapema: Mwongozo kwa Mmisionari Mgeni

Umetumwa. Kanisa la kwenu limekuombea, limekuwekea mikono, limekuchangia na nauli. Karibu Afrika Mashariki. Ukifuata maelekezo haya, upendo wote uliokuja nao utakuwa umekwisha kabla ya masika ya pili.

Anza na lugha. Watakupeleka Makoko, Musoma, au Morogoro ukasome Kiswahili kwa miezi kadhaa. Jifunze amri: leta, ondoa, subiri, njoo kesho. Salamu ziruke, zinakula muda. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, mpe "nzuri" moja ya kufunika zote, halafu muulize ana shida gani. Hata kama alikuwa anapita tu. Akizoea, hatakuja tena kwako bila shida, nawe utaandika kwenu kwamba watu wa huku wanakuja kwa shida tu.

Kisha weka geti. Kabla jua halijapanda utasikia hodi. Mama mmoja, mtoto wake amechemka usiku kucha. Kijana amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mzee anaomba lifti hadi hospitali ya wilaya. Mwinjilisti amepasukiwa na tairi la baiskeli, na mwinjilisti huyu, nakuhakikishia, tairi lake litapasuka tena. Wape wote, kutoka mfukoni mwako, bila kumuuliza mtu. Hasa usimuulize mama mchungaji, maana yeye anajua kila nyumba ina nini na mjomba yupi ameshatuma ada. Baada ya wiki kadhaa utagundua kwamba ada ya yule kijana imelipwa mara mbili. Hapo kasirika. Tangaza kwamba umedanganywa na kijiji kizima, funga geti, mwambie mlinzi aseme hupo. Atakayebisha hodi kesho yake ni yule mama mwenye mtoto.

Wafadhili waandikie kila robo mwaka. Wanataka picha na idadi ya waliobatizwa, basi jipime kwa idadi hiyo hiyo. Ikiwa ndogo, wachukie wasiobatizwa. Usisome habari za Johannes Rebmann, mmisionari wa shirika la CMS, aliyefika pwani yetu mwaka 1846 akaishi Rabai karibu miaka 29. Wa kwanza kubatizwa pale, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Taarifa kama hiyo leo hainunui hata betri ya sola.

Likizo usiende. Mtu akikushauri upumzike, mtajie Alexander Mackay, aliyeingia Uganda mwaka 1878 na hakurudi kwao Uskoti hata mara moja. Usiendelee na habari hiyo mpaka Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, ambako malaria ilimuua mwaka 1890 akiwa na miaka 40.

Lakini haya yote yanaweza kushindwa kama hutazingatia jambo moja: usipokee kitu cha mtu.

Siku moja utapigiwa simu kwamba mama yako amefariki huko kwenu. Habari zitafika sokoni kabla hujanawa uso. Watakuja. Akina mama watatandika mikeka barazani kwako, wengine watawasha moto nyuma ya nyumba, na sufuria usizozijua zitaingia jikoni mwako. Wanaume watakaa nje na kuzungumza habari za mvua. Hakuna atakayekuuliza unajisikiaje. Watakaa tu, na usiku wengine watalala hapo hapo. Katekista atapita na daftari kuandika rambirambi, na yule mama wa geti atafungua pindo la khanga atoe noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne.

Hapo ndipo pa kuwa imara. Waambie unashukuru, ila unahitaji faragha. Noti mrudishie, mwambie yeye ana shida kuliko wewe. Ataipokea kwa mikono miwili, ataifunga tena kwenye khanga, na tangu siku hiyo atakuheshimu sana. Kukupenda ni habari nyingine. Wewe nawe utabaki mtoaji tu, na sijaona mtoaji wa namna hiyo aliyedumu na moyo wake mzima. Wengine hubaki miaka mingi, kweli, lakini wasikilize wanavyozungumza na mpishi.

Rebmann huyo, uzeeni, alipofuka macho. Mwaka 1875 aliporudi Ulaya alisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa mwanzo kabisa pale. Mwaka uliofuata alifariki Korntal, Ujerumani. Kama nawe uko tayari kushikwa mkono na mtu uliyekuja kumwokoa, mwongozo huu haukufai. Mpe mwenzako anayesubiri viza.