Kila Mtu Ana Dawa ya Fizi Zangu

Ukitaka kujua una majirani wangapi waliosomea udaktari kimyakimya, tema povu lenye damu uani asubuhi. Nyumba yetu ni ya wapangaji, bomba ni moja, na kila anayesubiri kujaza ndoo ana dawa yake. Mama Shani alisema chumvi. Fundi seremala akasema mkaa, usagwe laini, nijisugue nao kwa kidole. Mzee wa chumba cha mbele, ambaye mwenyewe amebakiwa na meno ya kuhesabika, akaleta limau. Kuna aliyetaja karafuu za Unguja, tena zile za kuagiza kwa mtu. Kisha wote, kama waliokaa kikao, wakamalizia na neno moja: “Na huo mswaki achana nao kwanza, unakuchubua.”

Hilo la kuachana na mswaki ndilo linaloniudhi. Shemeji yangu alilifuata. Upande wa kulia chini ulikuwa ukitoa damu, basi akauacha “upumzike”. Umepumzika hadi leo. Hatafuni nyama upande ule, na akikusogelea kukupa umbea, unajikuta umegeuka kutazama barabarani ingawa hakuna gari linalopita.

Mimi nilikwenda hospitali. Nilitoka alfajiri, nikakaa foleni hadi jua likapanda, kadi ya bima mkononi, nikitarajia nitoke na mfuko wa vidonge ili watu nyumbani wanionee huruma. Daktari wa meno, binti wa umri wa mwanangu, akanimulika kinywani, akaniambia: “Mzee wangu, piga mswaki hapo hapo panapotoka damu. Taratibu, lakini usiparuke. Wiki moja hadi mbili damu itakata.” Nikauliza vidonge. Hakuna. Sindano? Hakuna. Yaani nimeamka usiku wa manane, nimepanda daladala mbili, naambiwa nikapige mswaki!

Ila alinielewesha. Pale fizi inapokutana na jino hujengeka utando laini, mweupe unaoelekea njano. Ukikwangua kwa ukucha unauona. Ni bakteria hao. Wakikaa, fizi inavimba, na fizi iliyovimba ukiigusa tu inatoa damu. Kwa hiyo mswaki haukuchubui, unakusengenya tu: unatoa siri kwamba pale hapasafishwi. Utando ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hautoki nyumbani hata usugue mpaka Idi. Huo unakwanguliwa na daktari kwa vyombo vyake.

Hapa najua kuna msomaji ameshaanza kusema: “Lakini ukisafishwa ugaga meno yanalegea.” Hayalegei, ndugu yangu. Yalishalegea. Mfupa unaoshikilia jino ulishaliwa kitambo, ugaga ukawa umeyabana tu usijue. Kuvimba kwa fizi kunatibika, fizi inarudi kama ilivyokuwa. Mfupa ukishaliwa haurudi.

Nikaenda dukani kwa Mangi kununua mswaki laini, maana daktari alisisitiza laini.

“Laini wa nini, mzee?” Mangi akashangaa. “Chukua huu, imara.”

Nikaugusa kwa kidole gumba. Brashi ya kufulia jinzi ina huruma kuliko ule mswaki. Nikamwambia nataka ule ambao nywele zake zinainama. Akapekua nyuma ya sabuni za mche, akapuliza vumbi, akanipa wa mtoto wenye picha ya sungura. Ndio ninaoutumia. Sisi tunaamini kitu kigumu ndicho kinachofanya kazi, tunasugua meno kwa hasira utadhani yametukopa, mwisho fizi inarudi nyuma, mzizi unabaki wazi, maji ya baridi yakipita hapo unaruka na kiti chako.

Mswaki laini unaulaza kidogo, nyuzi 45 hivi, nywele zielekee kwenye mpaka wa fizi, unasogeza mbele na nyuma kwa hatua fupi, jino baada ya jino, nje na ndani. Dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya harage inatosha. Ile ya kujaza mswaki mzima ni ya kwenye matangazo. Dakika mbili. Wewe unayeziona dakika mbili ni chache, jaribu kuzikaa bombani wapangaji wamesimama na ndoo. “Baba Rehema,” Mama Shani akaniuliza, “hayo meno ni yako tu, au unasafisha na ya jirani?”

Tena mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo kubwa kwa sababu ukilala mate yanapungua na bakteria wanabaki na sherehe yao. Hapo nyumba nzima tunafeli. Kwetu mswaki ni wa asubuhi, kabla ya chai, ili mtu asinuke kazini. Akishapiga, anakunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, anakula vitumbua, mchana wali maharage, jioni mishkaki, na mabaki yote analala nayo.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Kuna uzi wa meno, nilitajiwa bei yake duka la dawa nikaurudisha mwenyewe kwenye rafu kwa heshima. Baadaye nikanunua, maana mbadala tunaoutumia ni aibu: pini, wembe, kona ya vocha iliyokwanguliwa. Nimemwona mtu mzima kwenye harusi akijichokonoa na kadi ya mchango.

Dawa za majirani nazo nisizionee. Chumvi nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, unasukutua na kutema, inatuliza uvimbe, ila utando hauondoki. Karafuu inatia ganzi, tatizo linaendelea kimyakimya. Mkaa unakwangua jino, limau linalila kwa asidi. Mswaki wa mti, ule wa kutafuna ncha, hauna ubaya. Shirika la Afya Duniani liliukubali tangu mwaka 1986. Lakini walioutumia zamani waliutumia kabla ya kila sala, si mara moja kwa siku wakikimbilia daladala.

Aliyenichosha zaidi ni fundi. “Mimi sitoki damu hata tone,” anajisifu, akipuliza moshi wa sigara. Hatoki kwa sababu sigara inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Zinaharibika bila kutoa taarifa. Nilimweleza. Akanijibu nimeanza kujifanya daktari.

Damu yangu ilikata, na hakuna aliyenipongeza, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kudai ni dawa yake. Kwa hiyo wewe ambaye fizi zinatoa damu: mswaki laini, leo usiku, hapo hapo penye damu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au jino likaanza kucheza, au ukaona usaha, kamwone daktari wa meno. Mwenye kisukari asingoje hata hizo wiki mbili, kwani sukari na fizi mbovu huchocheana. Na nyinyi wenye maduka, tafadhalini, miswaki laini iwekeni mbele. Ile imara irudisheni kwenye sabuni za kufulia.